Ngome ya Amu na Ndoo ya Chokaa

Hotuba iliyotolewa alasiri ndani ya Ngome ya Lamu, mbele ya mafundi, wenye nyumba na wanafunzi wa mji

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu mlioketi kule kivulini, masalkheri. Waashi wenzangu, maseremala, na nyinyi watoto mlioletwa na walimu wenu hali bahari imejaa na roho zenu ziko majini, karibuni nyote.

Nimeombwa nizungumze habari za jengo hili tulilomo. Nitaanzia mlangoni, kwa sababu mlango huu mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini kabla sijaupita, na nimezaliwa mtaa wa Langoni, hata sigara haimalizi kuwaka kabla hujafika hapa kwa miguu.

Nilipokuwa mdogo mama alinituma sokoni kila asubuhi. Soko, kama mjuavyo, limepakana na ukuta wa ngome, huwezi kununua samaki usiuone. Nikifika pembeni mwa ukuta nilikuwa nikikimbia mpaka nitokee upande wa pili. Hii ilikuwa jela. Watoto wa sehemu nyingine wakitishwa kwa zimwi, sisi tulitishwa kwa Ngomeni. Siku za kusi, upepo ukitoka upande wa kijiji cha Shela, ungesikia sauti za wanaume wakihesabiwa humu ndani, na harufu ya maharagwe ya wafungwa ikichanganyika na harufu ya papa mkavu wa sokoni. Basi tafakarini jambo hilo. Jengo kubwa kuliko yote mjini, limesimama katikati kabisa, Mkunguni, mahali ambapo wazee hucheza bao na siasa zote za mji huzungumzwa, na watu wa mji hawajui ndani mnafanana vipi isipokuwa aliyefungwa na aliyemfunga.

Lilikuwa jela tangu mwaka 1910 hadi 1984. Fanyeni hesabu, nyinyi wanafunzi: ni miaka 74. Mtu aliweza kuzaliwa Amu, yaani Lamu hii yetu, akaoa, akazaa, akazeeka na kuzikwa bila kukanyaga kiwanda hiki, ua huu wa ndani, mlichoketi leo.

Mimi nilikanyaga kwa sababu ya ndoo. Jela ilipohamishwa na jengo kukabidhiwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ikaanza kazi ya kulitengeneza, kwa msaada wa shirika la maendeleo la Uswidi. Walitafutwa vibarua, nami nikaingia kuwa mbeba maji. Maji ya kuchanganyia chokaa. Siku ya kwanza nilisimama pale, karibu na ngazi, ndoo mkononi, nikashindwa kuendelea. Kuta hizi zilikuwa nyeusi kwa moshi na jasho la watu. Fundi mzee aliyekuwa akisimamia upande ule alinitazama akaelewa. Hakuniambia neno. Alinionyesha tu mahali pa kumwaga maji.

Kila nitakachosema leo kimetoka kwenye ndoo ile.

Sasa turudi nyuma. Jengo hili ni mtoto wa vita, na vita vyenyewe mnavijua, kila mmoja kavisikia kwa nyanya yake. Karibu na mwaka 1812 Pate, kisiwa jirani, na Mazrui, ukoo uliotawala Mombasa, waliungana wakaja kuiteka Amu. Walishuka Shela. Wamu wakawakabili mchangani, na wakati watu wakipigana, maji yakatoka. Majahazi ya wavamizi yakakaa mchangani, yamelala ubavu. Aliyekimbilia chombo alikuta chombo hakiendi. Wengi waliuawa pale pale ufukweni, na mifupa yao iliendelea kufukuliwa na upepo kwenye vilima vya mchanga vya Shela kwa miaka mingi mingi. Bahari ndiyo iliyotupa ushindi, na wazee wetu walilijua hilo vyema kuliko sisi tunaojisifu leo. Ndiyo maana walipomaliza kushangilia waliogopa. Mazrui watarudi, na safari nyingine huenda maji yakawa yamejaa.

Wakatuma wajumbe Oman, kwa Seyyid Said bin Sultan, kuomba ulinzi. Seyyid akaleta liwali, yaani gavana wake, na askari, na ngome ikaakwa, yaani ikajengwa, juu mpaka ikakamilika mwaka 1821. Wapo wanaosimulia kwamba msingi uliwekwa kabla ya vita, na Pate wenyewe, kwa ajili ya kuushika mji; wapo wanaosema ni Wamu walioanza. Mimi sikuja kuamua ugomvi wa wazee. Ninalotaka mlitie akilini ni hili: ulinzi tuliouomba ulikuja na bwana wake. Mji uliokuwa ukiendeshwa na wazee wake wa Yumbe, baraza la mji, ukapata liwali. Pate ikafifia, Mazrui nao wakaondolewa Mombasa mwaka 1837, na hapa Amu hofu ya adui ikaisha, lakini askari wa ngomeni hawakuondoka. Kuta hizi zilijengwa kumzuia mtu wa nje. Ndani ya kizazi kimoja tu zikawa zinamtazama mtu wa ndani.

Tena nitasema jambo ambalo katika hotuba za namna hii hurukwa. Majina ya masultani na maliwali yameandikwa. Ya waliokata mawe Manda, kisiwa cha ng'ambo hapo, wakayapakia mashuani, wakayashusha hapa kwa mabega, hayakuandikwa. Karne ile ya 19 utajiri wa Amu ulitoka mashambani bara, na mashamba yalilimwa na watumwa. Nyumba nzuri za mawe tunazowaonyesha wageni zimesimama juu ya jasho hilo. Tukisema urithi wetu, tuseme na wao. Wengine wao ni babu zetu.

Mahali lilipo jengo pia pana hadithi yake. Mkisimama mlangoni leo mnaona mikungu, kisha nyumba, ndipo bahari. Wakati linajengwa maji yalikuwa karibu sana. Usita wa Mui, ile ndia yetu kuu iliyo mbele hapa, haikuwa mbali na ufuko. Ardhi yote ya forodhani, pamoja na nyumba zake zenye veranda, ilijazwa baadaye, karne ile ile ya 19. Mji uliizunguka ngome kama watu wanavyozunguka moto. Wafanyabiashara walipenda kukaa karibu na askari. Kaskazini palikuwa na Mkomani ya wenye nyumba za mawe tangu zamani, na kusini ikakua Langoni yetu, ya makuti na udongo kwanza, kisha mawe. Ngome ikawa kitovu. Hatua chache tu kutoka hapa Wajerumani walifungua posta mwezi Novemba 1888, wakati wana tamaa na Witu, usultani wa bara, wakaifunga Machi 1891, Waingereza walipokuwa wamewapiku. Nyumba ile nayo ipo, ni makumbusho ndogo. Miaka miwili na miezi minne ya posta, na nyumba imeishi zaidi ya karne moja kwa sababu watu waliendelea kulala ndani yake.

Kisha ndipo Waingereza wakaigeuza ngome jela. Hawakuwa na mawazo mapya: Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyojengwa na Wareno kuanzia 1593, waliifanya jela tangu 1895 mpaka 1958. Jengo lenye kuta nene na mlango mmoja humpa serikali fikra hiyo hiyo kila mahali.

Na hapa ndipo wengi wenu hamtakubaliana nami. Jela ndiyo iliyotuhifadhia jengo hili. Namchukia kila afungaye watu, lakini nasema nilichokiona nilipokuwa nabeba maji. Jengo lililokuwa na watu, hata watu wenye minyororo, lilikuwa na mtu wa kuziba panapovuja. Wafungwa walipaka chokaa kila mwaka, kwa amri. Tazameni magofu ya Takwa hapo Manda, mji mzima wenye msikiti wa Ijumaa na ukuta wake, ulioachwa karne ya 17. Hakuna adui aliyeubomoa. Watu waliondoka tu, mibuyu ikaingia. Nyumba ya matumbawe haihitaji kupigwa mzinga ili ife. Iache masika kumi bila mtu.

Sasa nifike kwenye kazi yangu, na hapa mniwie radhi nikirefusha, maana ndiyo mambo niyajuayo kwa mikono.

Ukuta huu umetengenezwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Si kitu kingine. Mawe ni ya aina mbili. Lipo la kuchimbwa nchi kavu, gumu, ambalo Manda imetupatia tangu enzi. Hilo ndilo la kuta. Na lipo linalotolewa baharini lingali bichi, jepesi, laini, unaloweza kulichonga kwa tezo. Hilo ndilo la vidaka na nakshi za ndani ya nyumba zetu. Jiwe la matumbawe lina vitundu. Linakunywa maji na kuyatoa. Usiku wa umande hunywa, mchana wa kaskazi hutoa. Ukuta wa Amu unapumua, na mwenye kutaka kuuelewa lazima aanze na neno hilo.

Chokaa nayo ni jiwe lile lile lililopita motoni. Mnapanga magogo ya mikoko duara, tabaka juu ya tabaka, mnamwaga juu yake vipande vya matumbawe, mnatia moto. Unawaka usiku kucha. Kukipambazuka unakuta rundo jeupe, nalo likipata maji hutokota kama chungu cha wali, hufuka, kisha hulainika likawa unga. Unaliacha. Kuliacha ndiyo kazi. Fundi mwenye haraka huharibu hapa. Siku zikipita chokaa hutulia, ndipo inachekechwa, ikachanganywa na mchanga usio na chumvi, ikakorogwa mpaka ishike mwiko bila kung'ang'ania. Ukiipaka ukutani haikauki siku moja. Inavuta hewa kidogo kidogo, miezi kwa miezi, mpaka inageuka jiwe tena. Mwaka wa kwanza wa kazi niliposikia hayo sikuamini: kwamba kitu kilichokuwa jiwe, kikachomwa, kikawa unga, kikawa uji, mwisho wake kirudi kuwa jiwe lile lile mikononi mwetu. Mpaka leo nikichota chokaa huwa nalikumbuka.

Juu ya kuta kuna boriti, na boriti ni mikoko. Urefu wake wa kazi ni kiasi cha mita 3, basi upana wa chumba cha Kiamu haukuamuliwa na mwenye nyumba. Uliamuliwa na mti. Ndiyo sababu vyumba vyetu ni virefu na vyembamba, kule msana, chumba cha mbele, huku ndani, chumba cha nyuma, vimepangana kimoja nyuma ya kingine. Juu ya boriti hupangwa vipande vya mawe, juu yake zege ya chokaa, ikapondwa kwa siku nyingi, watu wamepanga safu wakiimba ili magongo yaende pamoja. Mwendo wa wimbo ndio uliokuwa kipimo cha kupondwa.

Jengo la namna hii haliishi milele. Huishi kama bustani inavyoishi. Kila baada ya masika unalizunguka, unatafuta panapotoka majani madogo kwenye ufa, maana mche wa mkuyu ukiachwa miaka mitatu utang'oa jiwe. Unaziba. Unasafisha matundu ya kutolea maji ya mvua. Unapaka upya. Ukifanya hivyo, miaka 200 si kitu. Jengo hili limeshavuka miaka hiyo.

Sasa ikaja simiti.

Nitawasimulia kwa nyumba yetu wenyewe, nisimwingize mtu mwingine. Baba alipofariki nyumba ilibaki kwa mama. Ukuta wa nyuma, unaopakana na kichochoro, ulikuwa ukitoa unga kila mwaka, na chokaa ilikuwa adimu. Ndugu zangu na mimi tukachanga pesa tukamwita mkandarasi, simtaji. Akaja na simiti, akapiga lipu nzito nje na ndani, laini kama sahani. Tukafurahi. Mama akafurahi. Mimi mwenyewe, niliyebeba maji humu ngomeni, niliyefundishwa kwamba ukuta unapumua, nilisimama nikasema kazi nzuri.

Miaka minne. Simiti haipumui. Maji ya chini yalipanda ukutani kama yalivyokuwa yakipanda siku zote, lakini safari hii hayakupata pa kutokea. Yakakaa humo na chumvi yake. Chumvi ikikauka hukua, na ikikua hulisaga jiwe. Nje palionekana pazuri, ndani mawe yanageuka unga. Kisha lipu ikaanza kupasuka vipande vikubwa, na katika masika ya mwaka wa tano, alfajiri moja, pande zima la ukuta likaanguka kichochoroni. Mama alikuwa ametoka kutawadha. Alhamdulillah. Dakika tano kabla alikuwa amesimama pale pale.

Sijasahau sauti ile. Na sitaacha kuisimulia maadamu nipo hai, kwa sababu kila nikipita mji huu naona nyumba zaidi zimevikwa simiti, wenye nyumba wakiwa na furaha ile ile tuliyokuwa nayo sisi.

Chuma nacho ni hivyo hivyo. Ukitia nondo ndani ya ukuta wa pwani, hewa ya chumvi huila, nayo kutu huvimba ikalipasua jiwe kutoka tumboni. Mlisikia yaliyotokea Unguja. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Seyyid Barghash mwaka 1883, lililosimama juu ya nguzo za chuma, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 wakati mafundi wamo kazini, na watu wawili wakafa. Jumba lile lilikuwa limefungwa kwa miaka kadhaa kwa ubovu wake. Kila mtu alijua linaumwa. Siku ile nilikaa barazani sikuweza kula. Nilikuwa nafikiria wale mafundi wawili, na mama.

Wako watakaoniambia: fundi, simiti inapatikana dukani, chokaa haipatikani, simiti siku mbili, chokaa mwezi. Ni kweli tupu. Mikoko si ya kukata ovyo tena, na sitaki ikatwe ovyo, kwa sababu samaki wetu huzaliwa humo. Punda wa kubeba chokaa analipwa, kibarua wa kuchekecha analipwa. Lakini piga hesabu ya nyumba yetu. Lipu ya simiti tuliilipia mara moja. Ukuta ulioanguka tuliulipia mara tatu: kuubomoa uliobaki, kuuaka upya, na kumhamisha mama kwa miezi minane. Rahisi ilikuwa wapi?

Nirudi kwenye ngome, kwa maana yapo mazuri.

Kazi ile ilipokwisha, mwanzoni mwa miaka ya 1990, watu waliulizana jengo litafanya nini. Wako waliotaka hoteli. Katika miji mingine ya pwani hivyo ndivyo ilivyo: jengo la kale likishatengenezwa mwenyeji hulitazama kwa nje na mlinzi humuuliza anakwenda wapi. Hapa halikuwa hoteli. Likawekwa maonyesho ya uvuvi na mazingira, ikawekwa maktaba, na kiwanda hiki kikaachiwa mji. Wanafunzi husoma pale juu kwa sababu pana upepo na ukimya kuliko nyumbani. Mikutano hufanywa hapa. Na harusi! Wapo mama zangu humu leo walioozesha mabinti zao ndani ya kiwanda hiki. Dada yangu mdogo alikuja harusini hapa akarudi nyumbani amejaa furaha, anamweleza mama jinsi taa zilivyowekwa kwenye kuta, na mama akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba mjomba wake alifungwa humu na hakutoka mzima. Hatukulijua hilo. Alikuwa hajalisema miaka yote, mpaka jengo lilipopata jambo jingine la kusemwa.

Nadhani hapo ndipo nilipofahamu kwa nini ile kazi ya ndoo ilikuwa na maana. Hatukuwa tunatengeneza ukuta peke yake. Jengo lililojengwa na wenye nguvu, kwa wenye nguvu, lilikuwa linahamia mikononi mwa mji kwa mara ya kwanza tangu 1821.

Desemba 2001 mji mkongwe wa Lamu uliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia, mahali pa kwanza pa utamaduni hapa Kenya kupata heshima hiyo. Eneo lenyewe ni dogo, hekta 16 hivi, unalizunguka kati ya adhana mbili. Waliusifu kuwa mji mkongwe kuliko yote ya Waswahili na uliohifadhika vizuri kuliko yote, unaokaliwa bila kukatika kwa zaidi ya miaka 700. Mimi neno lililonigusa ni hilo la kukaliwa. Hawakusifu mawe matupu. Walisifu kwamba wewe uko ndani, unapika, unagombana na jirani juu ya maji ya paa, unamlea mjukuu barazani.

Lakini heshima hiyo haipaki chokaa. Sheria ipo, ramani ipo, mpango wa kuhifadhi mji uliandaliwa tangu 1986. Na wakati huo huo ghorofa zinaongezwa juu ya kuta ambazo hazikujengwa kubeba ghorofa. Nyumba zinauzwa kwa wageni, wengine wao wanazitunza vizuri sana, tusiwaonee, ila wanakaa wiki tatu kwa mwaka na madirisha yamefungwa wiki zilizobaki. Na jengo lisilofunguliwa madirisha huku kwetu huoza kwa ndani. Ng'ambo kule kwenye ghuba ya Manda bandari kubwa imekuja, gati yake ya kwanza ilifunguliwa Mei 2021, na vijana wanatazama huko. Siwalaumu. Kijana anataka mshahara. Basi nasi waashi tujiulize, tumemlipa nini kijana anayetaka kujifunza chokaa? Mimi nilifundishwa bure na wazee, na wazee wale wamekwisha. Waliobaki hapa Amu wanaoweza kuangalia rundo la chokaa, wakaichovya kidole na kusema bado siku sita, ukiniambia niwahesabu, nitawahesabu bila kuvua viatu.

Wenye nyumba, nina ombi moja kwenu. Kabla ya kumwita mtu wa simiti, niiteni nije niutazame ukuta. Sitoi bili ya kutazama. Mara nyingi ukuta unaodhani unakufa unaumwa na bomba tu, bomba la choo au la mvua linalovuja ndani yake. Zibeni bomba kwanza, mngoje miezi miwili, mtashangaa.

Walimu, nanyi. Watoto wanaletwa ngomeni mara moja kwa mwaka, wanapanga mstari, wanaambiwa 1821, wanaandika daftarini, wanarudi. Wapandisheni kwenye ukuta wa juu wakati wa kaskazi. Waonyesheni mapaa. Kutoka pale wataona nyumba ipi ina mabati, ipi ina makuti, ipi imeanza kuota mti juu ya dari. Mtoto akishaijua nyumba inayoota mti, atamwuliza babake kwa nini hakuna anayeung'oa.

Na Makumbusho nawashukuru kwa kuuacha mlango huu wazi. Nasema hivi mbele ya watu ili isemwe kwamba fundi alishukuru. Mlango ukifungwa, hata kwa sababu nzuri, hata kwa ajili ya kiingilio cha maana, watoto wataanza tena kukimbia wakifika pembeni mwa ukuta.

Nimekwisha karibu. Ule ukuta wa mama yangu nitauaka upya mwezi huu, safari hii kwa mawe na chokaa kama ulivyokuwa. Miaka yote hii umesimama kwa matofali ya kuazima na aibu yangu. Mawe yamefika tangu juzi, yako kichochoroni, majirani wamevumilia. Chokaa niliichoma mwenyewe miezi mitatu iliyopita na imelala shimoni, imefunikwa magunia. Jana niliichovya kidole. Iko tayari.

Jumamosi baada ya alfajiri tunaanza kuchekecha. Nataka vijana sita, wa kike au wa kiume, sitazami. Nitawalipa kibarua cha siku kamili, si cha mwanafunzi. Nyumba yenyewe, ukitoka mlangoni hapa shika mkono wa kulia, pita soko, ingia kichochoro cha tatu, utayaona mawe. Mimi nitakuwapo na mama atakuwa amepika mahamri na mbaazi. Mwiko ninao, chekecheke ninazo mbili. Ndoo ninayo moja tu, basi kila anayekuja aje na yake.

Wassalaam alaykum.